Viza ya Utalii: Nikitoka, Naruhusiwa Kurudi?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka palepale: mtu ana viza ya utalii, kashafika nchi ya watu au ndo anajiandaa kwenda, sasa anataka achomoke siku chache aingie nchi ya pili halafu arudi amalizie safari yake, je mlango atafunguliwa? Nimechagua haya, mengine nimeyaunganisha maana yanafanana. Ila jamani hizi sheria zinabadilishwa kila mara na hakuna anayekupigia simu kukuambia, kwahiyo ukishasoma hapa pita na kwenye tovuti ya uhamiaji au ya ubalozi wa nchi unayokwenda, ya wenyewe kabisa, sio ya wakala anayetaka kukuuzia tiketi.

SWALI: Shikamoo anko. Nimepata viza ya Schengen, ile moja ya kuzunguka nchi nyingi za Ulaya, stika yangu inasema muda wa kukaa ni siku 30 lakini tarehe za mwanzo na mwisho zinaonyesha siku 45, na penye idadi ya kuingia wameandika 01. Nikiwa Paris nataka nipande treni niende London wiki moja, viza ya Uingereza ninayo, halafu nirudi Paris kupanda ndege ya nyumbani. Siku zangu zitakuwa hazijaisha. Nitapata shida? – Mtalii wa mara ya kwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Shida utaipata na ni kubwa, ila umeuliza mapema so inarekebishika.

Hiyo stika ina vitu vitatu tofauti na watu wengi wanavichanganya kama ni kitu kimoja. Kuna tarehe mbili, ya kuanzia na ya mwisho, hizo zinasema ni katika kipindi gani unaweza kuitumia viza. Kuna siku za kukaa, kwako 30, hizo ndo siku utakazokuwa kwao, na zile 15 za ziada wanaongeza tu ili ndege ikiahirishwa au ukibadilisha tarehe ya kuondoka usije ukakwama, sio siku za kukaa zaidi. Halafu kuna idadi ya kuingia, na hapo ndo pana moto wako: 01 maana yake mara moja. Ukishatoka imekufa, hata kama umetumia siku nne tu kati ya 30. Siku zilizobaki hazikuokoi.

Na kutoka kwenyewe kunatokea mapema kuliko unavyofikiri. Treni ya kwenda London, ukaguzi wote unafanyika palepale stesheni ya Gare du Nord, Wafaransa wanakutoa kwao na Waingereza wanakukagua kuingia kwao, yote kabla hujakaa kwenye siti. Ukipita pale huna tena viza ya Schengen, una karatasi ya kumbukumbu.

Cha kufanya: badilisha tiketi urudi nyumbani ukitokea London, au anza na London kisha umalizie Paris, au kama viza hujaitumia bado na muda upo rudi ubalozini uombe yenye 02 (mara mbili) au MULT (mara nyingi), na uambatanishe ratiba inayoonyesha kwanini unahitaji kutoka na kurudi. Wengi wanapewa 01 kwa sababu kwenye fomu hawakusema chochote kuhusu kutoka, na ofisa hawezi kuota ndoto kwamba ulikuwa na mpango wa London.

Kutoka Ufaransa kwenda Ubelgiji, Uholanzi au Ujerumani hakuhesabiki kama kutoka, hiyo zunguka unavyotaka. Schengen sasa hivi ina nchi 29 na sio sawasawa na Umoja wa Ulaya: Uswisi, Norwei, Iceland na Liechtenstein zimo ndani ingawa sio wanachama wa Umoja, wakati Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja lakini Schengen hazimo. Kroatia iliingia 1 Januari 2023, na Bulgaria na Romania mipaka yao ya barabara imefunguliwa kabisa tangu 1 Januari 2025, kwahiyo ukikutana na ushauri wa zamani unaosema ukienda Bukareshti umetoka Schengen, ujue umechacha.

SWALI: Kaka mimi nina MULT ya mwaka mzima. Nimekaa siku 90 nimetoka. Wakala kaniambia nikikaa nje hata siku moja hesabu inaanza upya sifuri. Kweli? – Mwenye haraka ya kurudi

JIBU: Sio kweli, na huyo wakala akikwambia tena mwambie basi atangulie yeye.

MULT inakuruhusu kuingia mara nyingi, haikuruhusu kukaa unavyotaka. Kanuni ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na hizo 180 haziendi na kalenda wala hazianzi siku ulipoingia mara ya kwanza. Zinatembea na wewe. Kila siku unayokuwa ndani, ofisa anarudi nyuma siku 180, hiyo ya leo ikiwemo, anahesabu ulikuwa kwao siku ngapi, zikizidi 90 umepitiliza. Kuhesabu namna hii kulianza 18 Oktoba 2013, kabla ya hapo walikuwa wanahesabu vingine, na nadhani ndo maana wasafiri wa zamani bado wanatoa ushauri wa enzi zile kwa kujiamini kabisa.

Tuchukue mfano. Umeingia 1 Januari 2026 umetoka 31 Machi, hapo ni 31 na 28 na 31, jumla 90 kamili. Ukirudi 5 Aprili, ofisa akirudi nyuma siku 180 anakuta zile 90 zote bado zimo, huna hata siku moja. Ukirudi 1 Juni hivyohivyo. Siku ya kwanza inayokuwa salama ni 30 Juni, kwasababu ndo siku ile 1 Januari inaanguka nje ya zile siku 180, na kuanzia hapo kila kesho inayokuja inaangusha siku moja ya zamani, so unaweza kukaa tena mpaka 90. Kwa maneno mengine ukimaliza 90 kwa mkupuo mmoja, utakaa nje 90 nyingine. Aliyezitawanya, wiki mbili hapa, wiki tatu pale, hesabu yake inakuwa ngumu zaidi na huyo namshauri atumie kikokotoo kilichopo kwenye tovuti ya Umoja wa Ulaya, kipo bure.

Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, hata kama umetua saa tano na dakika hamsini usiku. Watu wameumia kwa siku moja hiyo. Zamani ulikuwa unaweza kuombea ofisa asione muhuri uliofifia, lakini tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kuingiza mfumo unaochukua picha ya uso na alama za vidole na kuhesabu siku wenyewe, na kompyuta haibembelezeki.

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Marekani na viza ya B1/B2, ya biashara na utalii, ambayo imeisha nikiwa hukuhuku, lakini nilipoingia ofisa alinipa miezi sita na bado nina miezi miwili. Nina mwaliko Toronto, harusi, siku tano tu. Nikienda naweza kurudi na viza iliyoisha? – Mualikwa

JIBU: Nzuri kabisa. Kwanza tulia, hujafanya kosa lolote kukaa na viza iliyoisha. Viza ya Marekani kazi yake ni kukufikisha mlangoni, baada ya hapo tarehe inayokuongoza ni ile ya kwenye I-94, yaani rekodi yako ya kuingia inayoonyesha mwisho wa kukaa, unaipata kwenye tovuti ya CBP, wale wa forodha na mipaka ya Marekani, na kama hiyo bado ina miezi miwili wewe ni mgeni halali.

Kuhusu kurudi, kuna kanuni ambayo hata baadhi ya wafanyakazi wa mashirika ya ndege hawaijui vizuri. Mtu mwenye I-94 hai akienda Kanada au Meksiko kwa siku zisizozidi 30 anaweza kurudi Marekani hata kama viza imeisha, inachukuliwa kama imehuishwa yenyewe. Lakini ina miiba. Haiwahusu raia wa nchi ambazo Marekani imeziorodhesha kama wafadhili wa ugaidi. Usiwe umeombea viza mpya ya Marekani ukiwa huko Kanada, maana ukiomba ile nafuu inaondoka, na ukinyimwa umebaki Kanada huna pa kurudia. Na lazima uende Kanada au Meksiko tu, usijaribu kuunganisha na nchi ya tatu. Printi I-94 yako uishike mkononi, ukifika kaunta ya ndege na binti wa pale akakuambia viza imeisha hupandi, mwonyeshe na umwombe kwa upole amuite msimamizi wake.

Halafu usisahau upande wa pili, Kanada nayo ni nchi, inataka viza yake, na ofisa wao atauliza ukimaliza harusi utakwenda wapi na kwa ruhusa ipi.

Na ukirudi usitegemee miezi sita mipya. Kwa kawaida unarudi kwenye tarehe yako ileile. Hapa ndo watu wanakosea, wanadhani kukanyaga Kanada kunasafisha hesabu. Hata wale wanaoingia Marekani bila viza kwa mpango wa siku 90, safari za Kanada, Meksiko na visiwa vya jirani zinaliwa humohumo ndani ya 90.

Maoni yangu? Harusi ya ndugu wa damu nenda. Harusi ya rafiki wa rafiki, tuma mchango.

SWALI: Anko naomba usinitaje. Kuna ndugu yangu alikaa Marekani kupita tarehe yake kama miezi minane, sasa anataka kutoka ili aombe viza upya aingie vizuri. Ni wazo zuri?

JIBU: Asitoke kabla hajaongea na mwanasheria wa uhamiaji, mwanasheria mwenye leseni, sio mtu wa kujaza fomu.

Sababu ni hii, na inashangaza wengi: adhabu yenyewe inawashwa na kule kutoka. Aliyepitiliza zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, akitoka anafungiwa miaka 3. Aliyepitiliza mwaka au zaidi, akitoka anafungiwa 10. Na viza aliyokuwa nayo, kama ilikuwa bado na miaka mbele, ilishabatilika siku ya kwanza aliyopitiliza. Kwahiyo anaweza kutoka kwa nia njema kabisa akajikuta mlango umefungwa nyuma yake. Kuna misamaha kwa baadhi ya watu, ndo maana nasema mwanasheria.

SWALI: Mimi nataka kukaa Afrika Kusini kama miezi sita hivi kwa viza ya matembezi, au Thailand. Jamaa yangu anasema hakuna noma, siku zikikaribia kuisha unavuka mpaka asubuhi, unakunywa soda, unarudi jioni na siku mpya. – Mpenda jua

JIBU: Huyo jamaa yako alisafiri mwaka gani? Michezo ya soda mpakani ilifanya kazi sehemu nyingi zamani, sasa hivi nchi nyingi zimeshaistukia.

Afrika Kusini ukivuka kwenda nchi ya jirani na kurudi hupewi siku mpya, unarudi kwenye zile zilizobaki, ili upate mpya unatakiwa uwe umerudi kwenu unakoishi. Na ukipitiliza usidhani utalipa faini yakaisha. Tangu kanuni za 2014, aliyepitiliza mpaka siku 30 anatangazwa mtu asiyetakiwa kwa miezi 12, akizidi siku 30 ni miaka 5. Wanakupa barua palepale unapotoka.

Thailand wao wanaoingia bila viza kwa njia ya barabara wamewekewa kikomo, mara mbili kwa mwaka wa kalenda. Lakini Thailand ina kitu kingine ambacho wengi hawakijui mpaka yawakute: ukiwa na viza ya kuingia mara moja, au ukiwa umeongezewa siku, ukatoka hivihivi tu, zile siku zako zote zinafutika. Ili uzikute ukirudi unatakiwa uchukue kibali cha kurudi kabla hujatoka, kipo cha mara moja na cha mara nyingi, unakipata ofisi ya uhamiaji na hata kwenye eapoti kubwa kabla ya kupita dirisha la kutokea. Kuna watu wamelipia nyongeza ya siku Jumatatu, Ijumaa wakaenda Laos wikiendi, Jumapili wanarudi wanaambiwa nyongeza ipi?

Uingereza hawana namba ya siku kwa mwaka. Viza ya mgeni, hata iwe ya miaka 2, 5 au 10, kila ukiingia mwisho ni miezi sita, na watu wanapenda kusema eti kuna sheria ya siku 180 kwa mwaka, sheria iliyoandikwa hivyo haipo. Ila usifurahi. Ofisa anaangalia mtindo wako, akiona unakaa miezi mitano unatoka wiki mbili unarudi tena mitano, anasema wewe unaishi hapa kwa mlango wa utalii, anakurudisha. Mimi binafsi naona bora nchi yenye namba, angalau unajua pa kusimama.

SWALI: Tunakwenda China kutembea na mke wangu, tumepata viza ya kuingia mara moja. Katikati ya safari tunataka siku mbili Hong Kong kisha turudi Shanghai. Si ni China hiyohiyo? – Baba wa nyumba

JIBU: Bendera ni moja, uhamiaji mbili. Hong Kong ilirudi China 1 Julai 1997 na Macau 20 Desemba 1999, lakini zote zimebaki na mipaka yao na masharti yao ya kuingia. Ukitoka bara kwenda Hong Kong umegongewa umetoka China, na viza yenu ya mara moja imeishia hapo, Shanghai hamrudi mpaka muombe nyingine. Ama ombeni ya kuingia mara mbili, ama geuzeni ratiba Hong Kong iwe ya mwisho na ndege ya nyumbani ianzie pale. Na kabla ya hayo angalieni kama pasipoti zenu zinahitaji viza ya Hong Kong yenyewe, viza ya China haikuingizi huko.

SWALI: Je zipo viza zinazokuruhusu kuvuka mpaka na kurudi bila kuomba upya? Na niliambiwa pia India ukitoka lazima ukae nje miezi miwili. – Mzungukaji

JIBU: Zipo. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza ya pamoja ya utalii tangu 2014, siku 90, unazunguka ndani ya hizo tatu unatoka unarudi bila viza nyingine. Masharti ni mawili makubwa, uanzie nchi iliyokupa viza, na usitoke nje ya hizo tatu. Mtalii akiwa Nairobi akaamua kuvuka kwenda Arusha kuona wanyama, Tanzania haimo, viza yake ya pamoja imeishia pale mpakani. Zambia na Zimbabwe nazo zina ya kwao inaitwa KAZA, siku 30, nzuri sana kwa mtu anayetaka kuona Maporomoko ya Victoria pande zote mbili, na inakuruhusu hata kwenda Botswana kupitia Kazungula ilimradi urudi siku hiyohiyo. Ukilala Botswana imekula kwako.

Hiyo ya India ilikuwepo kweli. Waliiweka mwishoni mwa 2009, mtalii akitoka asirudi kabla ya miezi miwili, ikasumbua watu waliokuwa wanapanga Nepal au Sri Lanka katikati ya safari, na 2012 wakaiondoa kwa wageni wengi, wakabakiza raia wa nchi chache. Ila bado utaisikia inatajwa kama ni ya leo. Siku hizi cha kuangalia India ni idadi ya kuingia tu, ile viza yao ya onlaini ya siku 30 kwa mfano inaruhusu mara mbili.

SWALI: Viza yangu ya Marekani ipo kwenye pasipoti ya zamani iliyokwisha muda. Nimeshapata mpya. Niombe viza upya? Na ninarudi kupitia nchi yenye homa ya manjano, kuna la ziada?

JIBU: Usiombe upya kama viza yenyewe haijaisha na haijaharibika. Beba pasipoti zote mbili, za uraia uleule na za aina ileile, ofisa ataangalia viza kwenye ya zamani na kukupokea kwa mpya. Tafadhali usije ukaichana ile kurasa ukaibandika kwenye mpya, umeiua.

Homa ya manjano ndo swali ambalo watu hawaulizi na lingewaokoa. Nchi ambayo mara ya kwanza haikukuuliza cheti inaweza kukuuliza mara ya pili, kwasababu safari hii unatokea sehemu yenye ugonjwa, wao wanaangalia umetokea wapi na sio wewe ni raia wa wapi. Chanjo inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwahiyo ukichoma leo ukasafiri kesho cheti unacho na kukataliwa unakataliwa. Habari njema ni kwamba tangu 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata cha zamani kilichoandikwa miaka 10, ukikipoteza tu ndo unaanza kuhangaika, so kibane ndani ya pasipoti hiyo mpya.